Askari na Shehena ya Rumonge

Wapo wanaodhani kwamba habari za uchumi ni za mawaziri, wakurugenzi wa benki na wataalamu wenye vitabu vya hesabu, na kwamba askari aliyesimama zamu pwani ya ziwa hana lake katika mambo hayo. Dhana hiyo si sahihi hata kidogo. Hakuna mtumishi wa dola anayeuona uchumi kwa macho yake, mchana na usiku, kama askari wa mpakani na polisi wa kizuizini. Waziri huletewa takwimu baada ya miezi kadhaa. Askari aliyeko Rumonge huona leo hii ni gunia gani limeshushwa, ni dumu gani limepakiwa, na ni mashua gani imerudi tupu. Taabu ni kwamba tumefundishwa sana namna ya kuukagua mzigo, lakini ni wachache waliofundishwa kuusoma.

Rumonge uko kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilometa zipatazo 75 kwa barabara ipitayo Gitaza, Magara na Minago, milima ikiwa kushoto na maji yakiwa kulia kwa msafiri aendaye kusini. Mwaka 2015 ulifanywa makao makuu ya mkoa wenye jina lake. Kisha mageuzi ya mwaka 2025, yaliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, yakauingiza katika mkoa wa Burunga. Majina ya mikoa hubadilika, lakini kazi ya mji ule imebaki ile ile. Ng'ambo ya maji iko rasi ya Ubwari, na nyuma yake mji wa Baraka, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini, ukiisha kupita Nyanza-Lac, uko mpaka wa Tanzania na njia iendayo Kigoma. Kiswahili kimekuwa lugha ya soko hilo tangu karne ya 19, kama kilivyo Ujiji na Uvira, maana kilifika huko pamoja na mizigo.

Basi, ni mizigo gani itokayo Rumonge? Kwanza ni samaki. Dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala, pamoja na migebuka ambayo wao huiita mukeke, ndio chakula na fedha ya pwani nzima. Na hapa kuna jambo ambalo kila askari wa ziwani yampasa alijue kabla ya kupewa zamu yake ya kwanza. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, tangu enzi za karabai hadi hizi taa za betri za leo. Taa huvuta samaki vizuri usiku wa giza. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa hauna nguvu, na vyombo vingi hulala pwani. Kwa hiyo kila mwezi una siku zake za neema na siku zake za ukata. Askari asiyelifahamu hilo ataona vyombo vingi vikitoka kwa pamoja usiku wa giza totoro na kudhani pana njama, kumbe watu wanakwenda kazini. Na kinyume chake, chombo kitokacho kila usiku wakati wa mbalamwezi, wenzake wote wamelala, hicho ndicho kinachostahili kuulizwa maswali.

Dagaa wale wale wanatufundisha somo jingine. Zamani walianikwa mchangani, na iliwachukua hata siku tatu kukauka, huku kuku na mbuzi wakipita juu yao, na mvua ikinyesha mali yote ilikwenda na maji. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lilikuja kuwafundisha watu wa pwani ya Burundi kuanika juu ya vichanja vya wavu wa waya, ambako jua la siku moja hutosha. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini dagaa asiye na mchanga, aliyekauka sawasawa, huweza kusafirishwa hadi Gitega na mbali zaidi bila kuoza, na mchuuzi aliyekuwa akiuza kijijini kwake sasa huuza nchini kote. Polisi afunguaye gunia la dagaa kizuizini na kukuta safi hana haja ya kusoma ripoti yoyote ili ajue kwamba watu wa pwani wamepiga hatua.

Mzigo wa pili ni mawese. Mchikichi hauvumilii baridi ya milimani, kwa hiyo katika Burundi umestawi chini, katika bonde la Imbo, kuuzunguka mji wa Rumonge na kusini hadi Nyanza-Lac. Mikungu ikiisha kukatwa haikai. Lazima ikamuliwe upesi, la sivyo mafuta huharibika. Ndiyo maana vinu vidogo vya kukamulia vimetapakaa kila upande, na ndiyo maana barabara iliyoharibika kwa wiki moja humtia hasara mkulima wa michikichi kuliko ilivyo kwa mkulima wa maharage. Sasa na tuufuate mzigo huo. Mawese hutoka Rumonge yakiwa ghafi katika madumu na mapipa, yakapelekwa Bujumbura. Sabuni hurudi Rumonge ikiwa imefungwa vizuri katika maboksi. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile. Lakini kati ya kwenda na kurudi ipo thamani iliyoongezwa na kazi zilizopatikana, navyo vyote vimebaki mjini mkuu. Mtu akitaka kujua kwa nini kijana wa Rumonge anakimbilia Bujumbura, na alitazame gari hilo likienda na likirudi.

(Nitaje kwa kupita kwamba mawese yamebeba pia historia nzito. Wengi waliokimbia nchi mwaka 1972 walirudi miaka mingi baadaye wakakuta mashamba yao yana watu wengine na michikichi mingine. Polisi aitwaye kuamua ugomvi juu ya mikungu miwili mitatu na aelewe kwamba mara nyingi ugomvi wenyewe ni wa umri wa nusu karne.)

Usafiri wa pwani hii haukuanzia barabarani. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwapa Wabelgiji sehemu zao maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite kwa reli na kisha kwa maji. Kwa miaka mingi mlango mkubwa wa Burundi ulikuwa ziwani. Treni ilipozorota, malori yakachukua nafasi kwa njia ya Kabanga na Kobero, huko milimani, na mji wa pwani ukajikuta umekuwa uani badala ya mlangoni. Biashara iliyobaki ziwani imekuwa ya namna mbili: meli chache zenye shehena kubwa, kama zile zitokazo Mpulungu nchini Zambia na sukari na saruji, na mamia ya maboti ya mbao yenye shehena ndogo ndogo zisizoandikwa popote. Rumonge unaishi zaidi kwa hizi za pili.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Biashara isiyoandikwa popote sisi tumezoea kuiita kwa jina moja tu, magendo, na kila aifanyaye tumezoea kumwita mlanguzi. Nathubutu kusema kwamba mazoea hayo yanatupotosha, na yanaipotosha kazi yetu.

Tukumbuke yaliyopita. Tarehe 31 Julai 1996, baada ya mapinduzi yaliyomrudisha Meja Pierre Buyoya madarakani, nchi jirani zilikutana Arusha zikaiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Reli, barabara na bandari zikafungwa kwa mizigo ya Burundi. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999, miaka miwili na nusu baadaye. Muda huo wote bei za petroli, chumvi, mbolea na vitu vya madukani zilipanda mno, lakini vitu vyenyewe havikwisha kabisa. Vilipita. Vilipita nchi kavu na vilipita ziwani, usiku, kwa wale wenye fedha ya kununua chombo na ya kununua kimya. Mchuuzi mdogo aliyekuwa akivuka mchana na kulipa ushuru alifilisika. Mwenye mtaji na jamaa wakubwa alitajirika. Kila kizuizi kilichowekwa kiliongeza faida yake, kwa kuwa kiliwapunguza washindani wake. Sisemi haya ili kuhukumu siasa ya wakati ule. Nasema ili tuone namna mzigo unavyofanya ukizibiwa njia: hutafuta saa nyingine na mwenyeji mwingine.

Hali ya miaka ya karibuni ni ya namna nyingine, lakini kanuni ni ile ile. Tangu mwaka 2021 Burundi imepatwa na upungufu wa petroli unaojirudia, na mwaka 2024 na 2025 hali ilikuwa nzito zaidi, magari yakikaa foleni siku baada ya siku. Sababu kubwa ni uhaba wa fedha za kigeni. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilipandisha bei rasmi ya dola kutoka faranga 2,000 na ushee hadi 2,800 na ushee. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka 2024 dola ilikuwa ikiuzwa mitaani kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Askari na atafakari maana yake kwa mtu wa Rumonge. Mfanyabiashara avushaye mawese au samaki kwenda Kongo na kulipwa dola 100, akizipeleka benki atapata chini ya nusu ya faranga atakazopata kwa mtu wa mitaani. Je, atazipeleka? Hazipeleki. Aghalabu hata hazirudishi nyumbani zikiwa dola: huzinunulia bidhaa huko huko ng'ambo, na bidhaa iliyo adimu kuliko zote nyumbani ni petroli. Hivyo boti lililoondoka na mawese hurudi na madumu ya petroli. Vitabu vya serikali havikuona mawese yakitoka wala petroli ikiingia, na benki haikuona dola hata moja. Lakini askari wa zamu aliona yote mawili.

Hapo ndipo penye shida. Askari huyo ana njia tatu. Aweza kulikamata boti, na madumu yakataifishwa. Kesho litatoka boti jingine, kwa kuwa tofauti ya bei bado ipo. Aweza kufumba macho kwa malipo. Basi amejifanya ofisa wa forodha asiye na stakabadhi, na malipo yake yataongezwa juu ya bei ya kila lita. Au aweza kuandika: tarehe, saa, aina ya mzigo, kiasi, upande ulikotoka na ulikokwenda, na kuyapeleka maandishi hayo kwa wakubwa wake kila juma. Njia hii ya tatu haimwondolei wajibu wa sheria. Mwenye kosa atashitakiwa. Lakini kama kila kituo cha pwani kuanzia Gitaza hadi Nyanza-Lac kingefanya hivyo, makao makuu yangejua mapema kuliko benki yoyote kwamba petroli inaadimika, kwamba mawese yanakimbilia ng'ambo, au kwamba unga umeanza kuvushwa kwenda upande usio wa kawaida yake. Kwa ofisa wa jeshi hizo ni habari za kiusalama, si za kibiashara tu. Njaa na vita huonekana kwanza katika mizigo.

Nimesema juu ya malipo ya kizuizini, na si haki nikipita upesi. Mama achukuaye makarai mawili ya migebuka kutoka Rumonge kwenda kuuza Bujumbura ana mtaji wa kukopa na mali inayooza. Mpinzani wake mkubwa ni jua. Akisimamishwa saa moja mahali pamoja na nusu saa mahali pengine, hahitaji hata kudaiwa chochote. Amekwisha pata hasara. Na akidaiwa, atatoa, kwa kuwa kukaa ni ghali zaidi. Tuseme vipo vizuizi vinne na kila kimoja kimechukua kidogo. Kile kidogo mara nne hakilipwi na mama huyo, maana hana cha kulipia. Hulipwa na anunuaye. Na anunuaye sokoni Bujumbura au Gitega ni nani? Ni mwalimu, ni karani, ni mke wa askari yule yule aliyesimama kizuizini. Mshahara wa askari ni mdogo, nalijua hilo kama wasomaji wangu walijuavyo. Lakini anayeuongeza kwa njia hiyo anaupunguza kwa mkono mwingine.

Vile vile askari wengi hawajui kwamba mchuuzi mdogo ana haki zilizoandikwa. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kongo ikaingia mwaka 2022, hivyo Rumonge na Baraka, Nyanza-Lac na Kigoma, zote ni za jumuiya moja. Jumuiya hiyo ina utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wa mpakani: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa humu humu, huvuka kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya vinabaki palepale. Askari wa zamu yampasa ajue utaratibu huo kama anavyozijua sehemu za bunduki yake. Asipoujua, atamtendea mama mwenye cheti sawasawa na mtu mwenye madumu ya usiku, na mwisho wake mama naye atajifunza kuvuka usiku.

Najua nitajibiwa kwamba ziwa hili si la samaki peke yake. Ni kweli. Katika vita vya ndani vilivyoanza mwaka 1993, wapiganaji na silaha walivuka maji haya, na uvuvi ulizuiwa mara kadhaa kwa sababu za usalama. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho karibu na mpaka, na kwa kuwa hapakuwa na barabara ya kutosha ikabidi meli kongwe Liemba iwachukue hadi Kigoma. Februari 2025, vita vilipoenea Kivu ya Kusini, makumi ya maelfu ya Wakongo walikimbilia Burundi. Chombo kibebacho dagaa leo chaweza kubeba bunduki kesho na mkimbizi kesho kutwa, na asiyekagua amesaliti kiapo chake. Sina ubishi na hilo.

Ubishi wangu ni juu ya namna ya kufunga. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wavuvi walinung'unika, tena kwa haki, kwa kuwa miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye watoto. Lakini walijua siku ya kufungwa na siku ya kufunguliwa. Waliweza kushona nyavu, kulima, kutokopa. Kufungwa kwa ghafla, bila tarehe ya mwisho na bila maelezo, ni mambo mengine kabisa. Kwa siku tatu za kwanza huzuia adui. Kuanzia juma la pili humgeuza mvuvi asiye na hatia kuwa mvukaji wa usiku, na adui hupata umati wa kujifichamo. Kamanda anayefunga pwani kwa sababu ya usalama na ataje muda, hata kama atauongeza baadaye, na awaite wazee wa wavuvi awaambie yeye mwenyewe. Wao ndio wamjuao mgeni ziwani kabla ya rada yoyote.

Yako pia yasiyo katika uwezo wa askari. Machi 2015 mlima uliporomoka huko Gitaza, ukaua watu na kuikata barabara ya Rumonge. Siku hizo bei za samaki na mawese zilikwenda kila upande njia yake, juu mjini na chini pwani. Mwaka 2024 ziwa lilijaa hadi kukaribia kiwango cha mwaka 1964, mtaa wa Kanyenkoko mjini Rumonge ukaingia maji, na watu wakahama na biashara zao. Nyakati kama hizo kikosi kinachoondoa udongo barabarani siku mbili mapema kimefanya kazi ya uchumi kuliko semina kumi.

Sasa njia mpya zinajengwa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia ujenzi mpya wa kilometa 45 kati ya Gitaza na Rumonge, pamoja na kilometa 260 upande wa Tanzania kutoka Kabingo kupita Kasulu hadi Manyovu, na kituo kimoja cha pamoja cha mpakani kati ya Manyovu na Mugina. Kwa upande mwingine reli mpya imepangwa kutoka Uvinza hadi Musongati, mbali na ziwa, kwa ajili ya nikeli na mizigo mizito. Hivyo Rumonge unaweza kurudi kuwa mlango, au unaweza kuwa mahali malori yanapopunguza mwendo tu kwa ajili ya matuta. Kigoma nako, tangu mwaka 2018, serikali ya Tanzania imekuwa ikihimiza upandaji wa michikichi bora, na mawese yake yakiwa rahisi yatapanda barabara hiyo hiyo kuja kaskazini. Katika zamu za usiku pale Mugina, polisi na watu wa forodha ndio watakaoona kwanza kama malori yanayokuja kutoka Kasulu yanateremka na madumu yaliyojaa, na kama yale yanayotoka Rumonge yanavuka na kitu chochote zaidi ya madumu matupu.